Namna ya Kuusoma Mpangilio wa Mfumo wa Neva kwa Kutumia Mwili Wako: Mwongozo Kamili

Vitabu vingi vya biolojia na vya uuguzi huanza somo la mfumo wa neva kwenye ubongo, kisha hushuka taratibu hadi kwenye mikono na miguu, na mwanafunzi akifika huko chini huwa amekwisha kuchoka na amebaki na orodha ya majina tu. Mwongozo huu unakwenda kinyume chake. Unaanzia kwenye ngozi, unafuata neva hadi kwenye uti wa mgongo, na unaufikia ubongo mwishoni. Nimeuchagua mpangilio huu kwa sababu kuujua mfumo wa neva kuna faida pale unapomwezesha mtu kujibu swali moja: hitilafu iko wapi? Mtu aliyekufa ganzi vidole viwili, mtu aliyepooza upande mmoja wa mwili na mtu ambaye miguu yake yote miwili imekakamaa wote wana tatizo la neva, lakini mahali palipoharibika ni tofauti kabisa, na mara nyingi mahali hapo hutambulika kwa kuangalia, kugusa na kugonga, kabla mgonjwa hajafikishwa kwenye mashine yoyote.

Utahitaji mwenzako mmoja aliyekubali kupimwa, kalamu ya wino unaooshwa kwa maji, pamba, kijiti cha kuchokolea meno ambacho hakijatumika, tochi ndogo, na meza ambayo mtu anaweza kuikalia miguu ikaning'inia. Nyundo ya mpira ya daktari ikiwapo ni bora zaidi, lakini ukingo wa kiganja unatosha.

Kabla ya kuanza: migawanyo miwili isiyopaswa kuchanganywa

Mfumo wa neva hugawanywa kwa namna mbili, na wanaoanza kusoma huzichanganya mara kwa mara. Mgawanyo wa kwanza ni wa mahali. Ubongo pamoja na ugwe wa mgongo, yaani ule ugwe laini unaopita ndani ya mifupa ya uti wa mgongo, ndio mfumo mkuu wa neva. Kila neva iliyo nje ya hapo ni ya mfumo wa pembeni: jozi 12 zinazotoka kwenye ubongo na jozi 31 zinazotoka kwenye ugwe. Jozi hizo 31 ni 8 za shingo, 12 za kifua, 5 za kiuno, 5 za sakramu (mfupa wa chini ya kiuno, kati ya nyonga) na 1 ya kifandugu. Shingo ina pingili 7 lakini ina jozi 8 za neva, kwa kuwa jozi ya kwanza hutokea juu ya pingili ya kwanza na ya nane hutokea chini ya pingili ya saba.

Mgawanyo wa pili ni wa kazi. Zipo nyuzi zinazoleta hisia kutoka mwilini, nyuzi zinazopeleka amri kwenye misuli, na nyuzi zinazoendesha moyo, utumbo, kibofu na tezi za jasho bila mtu kukusudia. Neva moja ya mkononi, ambayo kwa mahali ni ya pembeni, hubeba nyuzi za aina zote tatu ndani ya kifurushi kimoja. Ndiyo maana neva hiyo ikikatika, ngozi hufa ganzi, misuli hulegea, na sehemu hiyohiyo ya ngozi huacha kutoa jasho.

Hatua ya kwanza: itafute neva moja na uiguse

Kunja mkono, kisha papasa nyuma ya kiwiko upande wa ndani, katika mfereji ulio kati ya ncha ya kiwiko na kile kifundo cha mfupa kinachochomoza. Utakutana na kitu cha mviringo kinachoteleza chini ya kidole. Kigonge kwa wepesi. Msisimko hautasikika kwenye kiwiko ulipogonga, bali utakimbilia kwenye kidole cha mwisho na nusu ya kidole cha pete. Hii ni neva ya alna, na funzo lake la kwanza ni kubwa: ubongo husoma ishara kwa kuangalia neva inakoishia, si mahali ilipoguswa. Mgonjwa anayelalamikia mguu huenda mguu wake ni mzima na kinachobanwa ni neva yake kiunoni.

Pahala hapa pana historia ndefu katika tiba ya ukoma. Bakteria wa ukoma hupenda neva za pembeni, hasa zile zinazopita karibu na ngozi penye ubaridi, na kwa hiyo mhudumu wa afya huipapasa neva hii kwa viwiko vyote viwili ili aone kama imenenepa au inauma. Vidonda vya mikono na miguu vya mgonjwa wa ukoma hutokana zaidi na ganzi kuliko bakteria kuila nyama: asiyesikia moto huungua bila kujua.

Ndani ya neva uliyoigusa hamna chembe (seli) nzima za neva. Mna mikia yao mirefu tu, iitwayo aksoni. Kiini cha chembe ya hisia, au niuroni ya hisia, kimekaa kwenye kifundo kidogo kiitwacho ganglioni kando ya uti wa mgongo, na kiini cha niuroni ya mwendo kimo ndani ya ugwe wenyewe. Aksoni inayofika kwenye kidole cha mguu wa mtu mzima inakaribia urefu wa mita 1, na yote hulishwa na kiini kimoja kilichoko mgongoni. Hii ndiyo sababu magonjwa yanayodhoofisha neva kwa ujumla, kisukari kikiwa mfano ulio wazi, huanzia kwenye nyayo: nyuzi ndefu zaidi ndizo huumia kwanza.

Hatua ya pili: pima mwendo wa ishara

Zoezi hili usilitafute, litakujia lenyewe siku utakapojikwaa. Maumivu huja mara mbili: kwanza uchungu mkali unaochoma, halafu baada ya muda wa kama sekunde moja, maumivu mazito ya kuunguza ambayo hukawia kuisha. Uchungu wa kwanza umepita kwenye nyuzi nyembamba zenye utando wa mafuta uitwao mayelini, na wa pili umepita kwenye nyuzi zisizo na utando huo, ambazo mwendo wake ni kama mita 1 kwa sekunde. Nyuzi nene kabisa zenye mayelini hufikia mita 120 kwa sekunde.

Hatua ya tatu: chora mikanda ya ngozi

Hapa usifanye haraka, kwa maana hatua hii ndiyo inayotumika zaidi wodini. Kila jozi ya neva za ugwe huhudumia mkanda wake wa ngozi. Chukua kalamu, umtie mwenzako alama zifuatazo: kidole gumba cha mkono (neva ya 6 ya shingo), kidole cha kati (ya 7), kidole cha mwisho (ya 8), usawa wa chuchu (neva ya 4 ya kifua), kitovu (ya 10 ya kifua), kinena (ya 1 ya kiuno), sehemu ya juu ya unyayo pamoja na kidole gumba cha mguu (ya 5 ya kiuno), ukingo wa nje wa unyayo (ya 1 ya sakramu), na ngozi inayozunguka njia ya haja kubwa (zile za mwisho za sakramu). Alama hizi chache zikikaa kichwani, nyingine zitajipanga zenyewe katikati.

Anayetaka kuuona mkanda wa namna hii ukiwa umechorwa na maumbile amtazame mgonjwa wa mkanda wa jeshi. Virusi vya tetekuwanga, mtu akishapona, hubaki vimelala katika ganglioni za hisia kwa miaka mingi, na kinga ikipungua huamka katika ganglioni moja, vikasafiri kwenye nyuzi zake na kutoa malengelenge katika mkanda wake peke yake. Upele hukoma katikati ya mwili, mbele na nyuma, kwa sababu neva ya upande wa pili ni nyingine. Daktari Mwingereza Henry Head na mwenzake Campbell walitumia wagonjwa wa namna hiyo kuchora ramani ya mikanda waliyoichapisha mwaka 1900.

Sasa tofautisha mkanda na eneo la neva. Mtu anakuja na ganzi ya kidole cha mwisho. Je, tatizo liko kwenye kiwiko au kwenye shingo? Mguse kwa pamba kuanzia kidoleni kupanda juu. Ganzi ikikomea karibu na kifundo cha mkono na kukigawa kidole cha pete nusu kwa nusu, shuku neva ya alna. Ikiendelea kupanda upande wa ndani wa mkono chini ya kiwiko, shuku mizizi ya shingo, yaani neva pale zinapoungana na ugwe, kwa maana ngozi ya hapo huhudumiwa na neva nyingine isiyopita kwenye mfereji wa kiwiko. Kipande cha pamba, kikitumiwa kwa utulivu, hujibu swali hilo ndani ya dakika mbili.

Hatua ya nne: ingia kwenye ugwe wa mgongo

Weka viganja vyako juu ya mifupa ya nyonga ya mwenzako, pande zote mbili, na uunganishe ncha zake za juu kwa mstari unaopita mgongoni. Mstari huo hupita karibu na pingili ya 4 ya kiuno. Ugwe wa mtu mzima hauufikii mstari huo, kwa kuwa huishia kwenye pingili ya 1 au ya 2 ya kiuno. Chini ya hapo mna mizizi ya neva tu, inayoning'inia ndani ya maji na kuitwa mkia wa farasi. Kwa sababu hiyo, daktari anayechukua maji ya uti wa mgongo ili kupima homa ya uti wa mgongo, na mtaalamu wa ganzi anayempiga sindano ya mgongo mama anayejifungua kwa upasuaji, wote huingiza sindano chini ya mwisho wa ugwe. Wengi huogopa kwamba sindano hiyo huchoma ugwe. Ikipigwa mahali pake, ugwe haupo hapo. Mtaalamu hupima kimo cha ganzi kwa ile ramani uliyoichora, na kwa upasuaji wa uzazi hutaka ganzi ipande hadi usawa wa chuchu. (Zoezi lako liishie kwenye kupapasa tu.)

Hisia huingia kwenye ugwe kwa mizizi ya nyuma na amri hutoka kwa mizizi ya mbele. Charles Bell wa Uingereza alianza kulidokeza jambo hili mwaka 1811, na François Magendie wa Ufaransa akalithibitisha kikamilifu mwaka 1822. Mabishano yao juu ya nani atangulie kutajwa yalikuwa marefu kuliko majaribio yenyewe.

Mzunguko huo wa kuingia na kutoka unaweza kuupima sasa hivi. Mkalishe mwenzako mezani miguu ikining'inia, papasa chini ya pia ya goti hadi upate kano, kisha igonge mara moja na uondoe mkono. Mguu utaruka mbele. Usiporuka, mwambie anase vidole vya mikono yake miwili pamoja na kuvuta kwa nguvu, ugonge tena wakati anavuta. Msuli ulinyooshwa ghafla, ishara ikaingia kwenye ugwe kwa neva za kiuno, hasa ya 3 na ya 4, ikavuka sinapsi moja tu (kiungo kati ya niuroni mbili), ikarudi kwenye msuli uleule. Ubongo haukuombwa ruhusa, ingawa kwa kawaida hutuma ishara za kuipunguza refleksi hiyo, yaani mwitiko huo wa msuli usio wa kukusudia, makali.

Sentensi hiyo ya mwisho ndiyo ufunguo wa magonjwa yote ya kupooza. Amri ya mwendo hupita kwenye niuroni mbili zinazofuatana: ya juu, kutoka ubongoni hadi kwenye ugwe, na ya chini, kutoka kwenye ugwe hadi kwenye msuli. Ya chini ikifa, msuli hulegea, hukonda, na refleksi hutoweka. Ya juu ikifa, mzunguko wa chini hubaki bila breki: msuli hukakamaa na refleksi huwa kali kupita kiasi.

Afrika Mashariki na Kongo zina mifano miwili inayolidhihirisha jambo hili. Virusi vya polio huua niuroni za mwendo ndani ya sehemu ya mbele ya ugwe, na hivyo mguu wa aliyeugua hubaki mwembamba, mlegevu, usioruka ukigongwa, ingawa hisia zake ni kamili. Konzo ni kinyume. Ugonjwa huu, ulioelezwa na daktari Trolli mwaka 1938 katika Kongo ya wakati huo, huwapata watu waliolazimika kula mihogo michungu isiyolowekwa na kukaushwa vya kutosha huku wakikosa vyakula vya protini, jambo linalotokea hasa wakati wa ukame au vita. Ulitokea Tarime, mkoani Mara, katika miaka ya 1980, na Howlett na wenzake wakaueleza mwaka 1990. Niuroni za juu huharibika kwa ghafla, na miguu yote miwili hukakamaa hadi mgonjwa atembee kwa ncha za vidole, refleksi zikiwa kali mno na hisia zikiwa salama. Wote wawili wana miguu isiyowatii, lakini anayejua kugonga goti hatawachanganya.

Hatua ya tano: fuata njia mbili za kupanda

Mguse mwenzako mguuni kwa pamba, halafu kwa ncha ya kijiti bila kumtoboa. Vitu hivyo viwili hupanda kwa njia tofauti. Uchungu na joto huvukia upande wa pili mara tu vinapoingia kwenye ugwe, na mguso mwepesi pamoja na hisia ya mahali kiungo kilipo hupanda upande uleule hadi kwenye shina la ubongo ndipo vikavuka. Kwa hiyo mtu aliyejeruhiwa kwa kisu nusu ya kulia ya ugwe, chini ya jeraha hupooza mguu wa kulia na kupoteza hisia ya mkao wa mguu huo, lakini ganzi ya uchungu huupata mguu wa kushoto. Ukiona mgawanyiko wa namna hiyo, tatizo limo ndani ya ugwe wenyewe.

Kimo cha jeraha nacho kina uzito wake. Kiwambo, msuli mkuu wa kupumua, huhudumiwa na neva za 3, 4 na 5 za shingo. Aliyeanguka na bodaboda akavunjika shingo chini ya hapo huendelea kupumua, lakini utaona tumbo likipanda na kushuka huku mbavu zimetulia. Mtu wa namna hiyo akiinuliwa kwa kushikwa mabega na miguu na kupakiwa kwenye gari, jeraha linaweza kupanda sehemu zilizobaki. Kichwa, shingo na kiwiliwili viwekwe katika mstari mmoja juu ya ubao, na mtu mmoja asiachie kichwa.

Hatua ya sita: shina la ubongo na ubongo

Katika chumba chenye mwanga hafifu, mulika jicho moja kwa tochi kutoka pembeni. Mboni zote mbili husinyaa, hata ya jicho lisilomulikwa. Mwanga umeingia kwa neva ya 2 ya kichwa, ukafika kwenye sehemu ya juu ya shina la ubongo, na amri ikatoka kwa neva za 3 za pande zote. Mgonjwa aliyeumia kichwa, ambaye mboni yake moja imepanuka na haisinyai, yumo hatarini, kwa maana huenda ubongo uliovimba unaibana neva hiyo.

Kisha mwambie apandishe nyusi na aonyeshe meno. Misuli ya paji la uso hupokea amri kutoka pande zote mbili za ubongo. Kwa hiyo kiharusi hupindisha mdomo lakini huacha paji likikunjamana pande zote, wakati neva ya 7 ya uso ikiharibika yenyewe, paji la upande huo nalo huwa laini na jicho halifumbi.

Sehemu ya chini ya shina ndiko njia nyingi za mwendo zinakovuka, na ndiyo maana kiharusi cha upande wa kushoto hupooza upande wa kulia. Kwa watu wengi lugha nayo imo upande wa kushoto. Paul Broca wa Paris alianza kulifikia hilo mwaka 1861 baada ya kuuchunguza ubongo wa mtu aliyekuwa na uwezo wa kutamka silabi moja tu, akalisema wazi mwaka 1865. Ubongo mdogo ulio kisogoni hauvuki: ukiumia kulia, mkono wa kulia hutetemeka unapokaribia kugusa pua. Maeneo mengine ya ubongo ni somo refu la peke yake.

Hatua ya saba: sehemu inayojiendesha

Nyuzi za simpathetiki, zinazouandaa mwili kwa dharura, hutoka kwenye ugwe kati ya neva ya 1 ya kifua na ya 2 ya kiuno. Za parasimpathetiki, zinazoutuliza mwili, hutoka kwenye shina la ubongo na kwenye neva za 2 hadi 4 za sakramu. Kwa kujua hilo, utaelewa kwa nini mama aliyepigwa sindano ya mgongo hupimwa shinikizo la damu mara kwa mara: ganzi iliyopanda hadi kifuani imezizima pia nyuzi zinazobana mishipa ya damu. Utumbo una mtandao wake wa mamilioni ya niuroni unaoweza kukisukuma chakula hata bila amri ya juu.

Hatua ya nane: uliza kwa mpangilio

Ukikutana na mgonjwa, uliza maswali haya kwa mfululizo. Kwanza, ni hisia, ni mwendo, au ni vyote viwili? Pili, misuli imelegea au imekakamaa, na refleksi zikoje? Tatu, ganzi ina umbo la nini: eneo la neva moja, mkanda, soksi na glavu (nyayo na viganja vyote), nusu ya mwili, au kila kitu chini ya mstari fulani? Ganzi iliyokoma kwenye kitovu kwa pande zote, pamoja na miguu iliyokakamaa, inakupeleka kwenye ugwe, karibu na neva ya 10 ya kifua. Na ukiagiza picha ya kiuno badala ya kifua utarudishiwa majibu ya kwamba hakuna tatizo. Uso na mkono wa upande mmoja, pamoja na maneno yasiyotoka, ni ubongo, na mgonjwa asafirishwe mara moja.

Muulize pia kila mwenye maumivu ya kiuno kama anasikia karatasi anapojifuta na kama mkojo unatoka kawaida. Ganzi ya makalio na kibofu kilichojaa kisichouma ni dalili za mkia wa farasi kubanwa, na mgonjwa huyo hapewi dawa za maumivu akaambiwa arudi wiki ijayo. Hupelekwa siku hiyohiyo kwenye hospitali yenye daktari wa upasuaji wa mgongo.